Kijani Hutangulia Kuondoka

Mzee Kilonzo amefariki. Kijana wa bintiye alinipigia simu asubuhi nikiwa ghalani nachagua viazi vya mbegu, mikono imejaa udongo, ikabidi niibane simu kwa bega. "Shosho, namba yako nimeitoa kwenye daftari la babu," akasema, akiniita bibi kwa lugha ya kwetu. "Ameandika 'Nyambura wa Filamu.'" Nikampa pole, nikauliza wanazika lini, kisha kwa kujikaza nikauliza mama yake anaendeleaje. Akajibu, "Ni yeye amesema nikupigie." Nikakaa juu ya gunia. Mama yake ni Mbeke, niliyekuwa naye kama chanda na pete, na Mbeke hajanisemesha tangu siku ya arusi yake mwenyewe. Kijana huyo aliyenipigia sasa ana watoto wa sekondari. Mzee na mimi tulisalimiana kwa simu kila Krismasi, miaka nenda miaka rudi, na kila mara nilimsikia Mbeke kwa nyuma akiuliza nani ameacha mlango wazi, au chumvi imewekwa wapi, lakini simu hakuishika. Wala simlaumu. Kosa lilikuwa langu, lilichukua mwaka mzima kutendeka, na sijawahi kumweleza mtu lilivyokuwa.

Nilikozaliwa na baba alifanya kazi gani, hayo yana sura zake. Hapa nataka mwaka mmoja tu, miaka ya sabini ilipokuwa ikielekea ukingoni, nikiwa na umri wa miaka ishirini na miwili na vidole ambavyo, naomba nisamehewe majivuno, havikuwa na mfano Industrial Area nzima ya Nairobi. Nilikuwa mkaguzi wa filamu. Kampuni yetu ilikodisha sinema kwa kumbi za miji ya mashambani na kwa magari yaliyozunguka yakionyesha sinema uwanjani, na kila mkanda uliporudi ghalani ulipitia mikononi mwangu. Nilivaa glavu ya pamba mkono mmoja, nikazungusha gurudumu kwa mkono wa pili, na filamu ikapita katikati ya kidole gumba na cha shahada. Macho hayakuwa na kazi kubwa; kidole ndicho kilichoona. Palipochanika kilishtuka. Nilisimamisha, nikakata palipoharibika, nikakwangua ncha mbili kwa wembe, nikapaka gundi, nikazibana nikiimba ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani, maana ubeti ulipokwisha gundi ilikuwa imeshika. Mkanda uliochakaa kabisa haukutupwa hivi hivi. Sharti lilikuwa uuawe: uwekwe juu ya gogo na kukatwa kwa shoka mbele ya meneja, asije mtu akauonyesha kwa wizi. Siku za kuua filamu sikula chakula cha mchana.

Mzee Kilonzo ndiye mtu pekee niliyemwona akiiombea filamu maisha. Alikuwa dereva wa gari mojawapo la sinema, mtu mrefu wa Machakos, mwenye koti la kaki na adabu ya kizamani, na kila ikifika siku ya shoka alikuwa amesimama pale mlangoni kofia mkononi. Meneja, kwa heshima ya utumishi wake wa miaka mingi, alijifanya kuna kitu cha maana dirishani hadi Mzee achukue mikebe miwili mitatu. Hakuchagua kwa hadithi. Alichagua kwa rangi. Alivuta mkanda kidogo, akauinua kwenye mwanga, akausogeza karibu na jicho la kushoto, lililokuwa bado zuri. Ndiye aliyenifundisha kwamba mikanda ya zamani rangi yake ilipigwa chapa juu kama kitenge, nayo haibanduki. Filamu hizo ukizipata usizitoe mkononi. Hizi zilizokuja baadaye, rangi tatu zimelala pamoja ndani ya mkanda wenyewe, njano, nyekundu na samawati, na samawati ndiyo dhaifu. "Kijani ni ndoa ya samawati na njano," aliniambia. "Samawati akitoroka, kijani kimekufa. Kwa hiyo kijani hutangulia kuondoka, mwanangu, halafu mbingu, halafu nyuso za watu zinakuwa za waridi. Mwekundu hubaki peke yake, kama mlevi aliyekataa kutoka kilabuni." Alikuwa na mikebe zaidi ya thelathini nyumbani kwake, na aliijua kila mmoja ulikuwa umefika wapi katika safari hiyo.

Nyumba yao ilikuwa Shauri Moyo, vyumba viwili, mwendo mfupi kutoka Soko la Burma, na upepo ukivuma upande wetu ulituletea harufu ya nyama tusiyoila. Nilianza kwenda Jumapili baada ya kanisa, kwanza kwa ajili ya filamu, halafu kwa ajili ya Mbeke. Alikuwa wa umri wangu, mshonaji, na cherehani yake ilikaa chini ya dirisha ikiwa na leso juu yake kama mtu mzima anayepumzika. Tulikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, Mzee akisisitiza kwamba mimi Mkikuyu nimezoea kula mahindi na maganda yake kama punda, nami nikimjibu kwamba punda haumwi tumbo. Alicheka hadi akakohoa. Mikebe ilikuwa kila mahali: chini ya kitanda, nyuma ya mlango, mmoja ukitumika kama meza ya kuwekea taa. Rafiki yao, Mama Saumu, aliyetoka Pumwani kuja kuuza mahamri upande ule, alipita na sinia lake na kuketi kwenye mkebe wenye sinema nzima ndani yake bila kujua. Nilipenda kelele za nyumba ile. Nilipenda jinsi Mbeke alivyokata uzi kwa meno huku akiongea.

Mkebe mmoja haukukaliwa na mtu. Ulikuwa mdogo, wa filamu ya dakika mbili tu, tangazo la sabuni. Mbeke alipokuwa bado anatambaa, watu wa sabuni walikuja mtaani na kamera, wakawapiga picha akina mama wakianika nguo, na mmoja wao alikuwa mama yake, Syokau. Wiki chache baadaye Syokau akaugua na kufa. Tangazo likatoka hata hivyo, na Mzee akalionyesha yeye mwenyewe viwanjani, mke wake marehemu akianika shuka mbele ya umati, hadi kampuni ya sabuni ikaleta jingine na hili likaandikiwa shoka. Huo ndio mkebe wa kwanza alioomba. Mkusanyiko wake wote ulianzia hapo. Picha nyingine ya Syokau ilikuwa moja, ya studio, nyeusi na nyeupe, amekodoa macho kwa hofu ya kamera. Mbeke hakuwahi kuiona filamu. Mzee aliamini kila mara mkanda unapopita kwenye mashine, taa hulamba rangi kidogo, na alitaka bintiye amwone mama yake akiwa mzima, na kijani chake chote. Kwa hiyo aliweka sharti: itaonyeshwa mara moja, siku Mbeke atakapoolewa. Mwaka huo Mbeke alikuwa amechumbiwa na fundi wa reli, na arusi imepangwa Desemba.

Sasa nifike kwenye makosa, maana ni mawili. La kwanza lilikuwa dogo. Januari Mzee aliniletea mkebe ule ghalani ameukumbatia kama mtoto mchanga, akasema kuna mahali panakwama, nipatengeneze, lakini, "Nyambura, usikate hata picha moja." Nikaupitisha kidoleni. Palikuwa na matundu manne ya pembeni, yale yanayoshikwa na meno ya mashine, yaliyoraruka, na fundi yeyote anajua matundu yaliyoraruka yakiingia kwenye mashine yanararua na mengine. Mzee alikuwa ameenda kuongea na walinzi. Nikazikata picha nne, kila moja ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho, nikaunga, na kiungo hakikusikika. Badala ya kuvitupa vile vipande nikavitia kwenye kitabu changu cha nyimbo za kanisa. Kabla ya kukifunga niliviinua kwenye taa. Mwanamke ameinua mikono kwenye kamba, amegeuza uso, na gauni lake ni kijani. Waridi ilikuwa imeanza pembeni, lakini kijani kilikuwepo, laini, kizuri ajabu. Mzee aliporudi nikamwambia nimeziba tu. Nikaona ni neno lisilo na uzito.

La pili tulilifanya pamoja, tukiimba. Mvua kubwa za mwaka ule ziliingiza maji ndani, yakalowesha mikebe ya chini ya kitanda, na Mzee akaingiwa na hofu. Aliniuliza kwetu mbegu zinawekwa wapi. Nikamwambia nyanya yangu aliziweka juu ya meko, kwenye moshi na joto, ndani ya kibuyu kilichozibwa, na fukusi hawakuzigusa. Akajipiga goti kwa furaha. Hata kwao ni hivyo hivyo. Basi tukaitia filamu ya Syokau kwenye mkebe wake, tukazunguka ukingo wote kwa nta ya mshumaa ili hewa isiibe rangi, na Mzee akapigilia rafu ndogo juu ya mahali Mbeke alipowashia jiko, karibu na paa, pakavu kabisa. Tulirudi nyuma tukautazama. Mbeke akasema kwa lugha yake ya mtaani, ambamo mama ni mathe na baba ni buda, "Mathe yangu amepandishwa cheo." Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba filamu si mbegu. Joto ndilo linaloila, na mvuke wake mwenyewe ukifungiwa ndani unageuka kuwa kama siki na kuila zaidi. Tuliipika kwa mapenzi, kila siku, chai na muthokoi vikichemka chini yake.

Wakati wa Pasaka Mzee aliniomba niufungue mkebe niangalie. Jicho lake la kushoto nalo lilikuwa limeanza kuota mtoto wa jicho. Alisema dunia imekuwa rangi ya chai ya maziwa, na kazi ya gari wamempa mwingine. Nilikata nta kwa wembe. Harufu ilinipiga kidogo, kali, ya siki. Nikauvuta mkanda dirishani, na waridi ilikuwa imeingia kwenye mashuka na kijani kimekuwa cha maji ya kuoshea mboga. Bado kilikuwepo, lakini kilikuwa kinaondoka. Ningeweza kusema wakati ule. Nilikuwa hata nimefungua kinywa. Lakini dakika chache kabla, nikisuuza sahani nyuma ya pazia, nilikuwa nimemsikia Mzee akiongea na Mama Saumu kwa sauti ya chini. "Uso wake kichwani mwangu ulishafutika," alikuwa akisema. "Nikifumba macho naona ile filamu, simwoni yeye. Rangi ikienda, nitakuwa nimemzika mara ya pili." Mama Saumu akamwambia Mungu hawezi kumfanyia hivyo. Sasa Mzee yule yule alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono nyuma, akingoja. "Rangi ipo?" akauliza. Nikasema, "Ipo, Mzee. Yote." Akashusha pumzi, akaniambia nikae nile.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwangu ilikuwa na urefu wa miezi minane na ilipanda mlima. Uongo wa kwanza ulinitoka kwa huruma, hilo najitetea nalo hadi leo. Uliofuata ulinitoka kwa sababu ya ule wa kwanza. Mwezi Julai Mbeke alianza kutafuta kitambaa. Gauni jeupe la kanisani alikuwa ameazima, lakini gauni la pili, la kubadilishia baada ya kanisa, alitaka alishone mwenyewe, rangi ile ile ya gauni la mama yake, ili filamu ikionyeshwa wasimame wawili wamefanana. Alimsumbua baba yake. "Kijani gani, baba? Kuna kijani cha chupa, kuna cha sukuma, kuna cha gari la jeshi." Mzee akajibu kwa uchungu wa kweli, "Kijani, Mbeke. Kijani tu." Mbeke akanigeukia mimi. "Nyambu, wewe umeiona. Buda ni mwanamume, hajui rangi. Niambie." Nikakumbuka zile picha nne kwenye kitabu changu. Nikamwambia ni kijani cha avokado ukiikata, pale ngozi inapokutana na nyama, si nje kabisa wala si ndani kabisa. Alinunua avokado tatu, akazunguka nazo maduka ya vitambaa mjini, akizikata mbele ya wenye maduka hadi mmoja akamfukuza. Alirudi na kitambaa Jumamosi, akakitandaza juu ya kitanda, tukakigusa wote watatu. Mzee alikigusa muda mrefu. "Ndicho hiki," akasema, na sijui alijua kwa kutumia nini.

Agosti niliufungua mkebe tena peke yangu, Mzee akiwa hospitali kwa ajili ya macho. Mbeke aliingia akanikuta na mkanda mkononi. Alifunga mlango. "Nionyeshe kipande tu," akasema. "Si kwa mashine. Dirishani hapa, niangalie mara moja, nijue kama kitambaa ni sawa. Buda hatajua." Yeye hakuwa mtu wa kubembeleza, na siku hiyo alinibembeleza, alinishika kiwiko. Katikati kabisa ya mkanda, kule ndani, bado palikuwa na kijani kidogo, ukijua pa kutazama. Ningemwonyesha hapo angeliona gauni la mama yake. Lakini angeiona na waridi yote, angejua, angemwuliza baba yake, na Mzee angejua kwamba nilimdanganya tangu Pasaka. Nikarudisha mkanda kwenye mkebe. Nikasema, "Wacha zako. Umengoja miaka ishirini, utashindwa na miezi minne? Iko salama." Ala, nimelisikia neno hilo likijirudia maisha yangu yote. Iko salama. Akaniachilia kiwiko, akacheka, akasema mimi ni mbaya kuliko babake. Nikaziba ukingo kwa nta mpya.

Vile vipande vyangu vinne sikuvitazama tena. Nilijiambia navyo vimekuwa vyekundu, kwani vilitoka kwenye mkanda huo huo. Ukweli ni kwamba niliogopa vikiwa vyekundu, na niliogopa zaidi visipokuwa. Kama vilikuwa vizuri, ningelazimika kuvitoa, na kuvitoa kungekuwa kusema kwamba nimekata na kwamba nimedanganya. Kitabu cha nyimbo nikakisukuma ndani kabisa ya sanduku langu, nikawa nachungulia cha jirani kanisani.

Arusi ilikuwa Jumamosi, na baada ya kanisa tukaenda ukumbi wa mtaa, mchana kweupe, wanaume wakiziba madirisha kwa mablanketi. Mzee alikuwa ameombwa akae mbele na wazee lakini alikataa. Alisimama nyuma kando ya mashine, aliyoazima kwa mwenzake wa gari, akiweka mkanda kwa kupapasa, vidole vyake vikikumbuka kazi. Alikunja pua kwa ile harufu, akasema ni mishumaa. Mbeke alitoka chumba cha pembeni amevaa gauni lake la kijani, na watu wakanong'ona kwa kupendezwa. Alisimama karibu na shuka jeupe lililotundikwa ukutani, ili mama yake atakapotokea wawe pamoja. Mashine ikanguruma. Mkanda ulikuwa umejikunja, ukapita kwa kurukaruka, lakini ulipita.

Ukuta wote ukawa mwekundu. Mbingu nyekundu, mashuka mekundu, nyumba za mawe nyekundu kama nyama. Katikati yake mwanamke mwekundu, kijana kuliko mimi, akaweka kibanio mdomoni, akainua mikono kwenye kamba, akageuka, akacheka na mtu aliyekuwa pembeni ya kamera. Alikuwa na meno ya Mbeke. Mtoto mmoja mbele akauliza kwa sauti, "Mama, mbona yule amevaa nyekundu?" akanyamazishwa kwa kofi dogo. Na kutoka nyuma, juu ya kelele za mashine, sauti ya Mzee Kilonzo, ambaye wakati huo aliona mwanga na kivuli tu: "Mbeke? Kijani kinaonekana?"

Nilimtazama Mbeke amesimama na gauni lake la avokado mbele ya wekundu ule, na nikaona jinsi jambo zima lilivyompitia usoni: filamu, mimi, Agosti, kiwiko. "Kinaonekana, baba," akasema. "Kimetoka vizuri." Mama Saumu, Mungu amrehemu, akadakia kutoka mstari wa pili, "Mashallah, kijani hicho," na watu wengine nao wakaitikia, kila mtu kwa namna yake, ukumbi mzima wa watu wazima wakimdanganya mzee mmoja aliyekuwa akilia kwa raha. Filamu ikaisha. Mbeke alipita mbele yangu kwenda kuketi na mume wake. Hakunitukana. Alinitazama mara moja tu, akaondoa macho, na hakuyarudisha.

Mwaka uliofuata nikaolewa Kinangop, nikaacha filamu. Kinangop ni baridi. Nimeilaani baridi ile kwa miongo, nimemlaumu mume wangu kwa ajili yake hadi akazikwa, na sasa namlaumu akiwa kaburini. Sanduku langu la usichana halikuwa na mahali ndani ya nyumba, likawekwa kwenye ghala la viazi vya mbegu, gizani, ambako hata Februari unavaa sweta. Miaka mingi baadaye, binti yangu alinipeleka kwenye mkutano wa watu wa maktaba waliokuwa wakizungumza juu ya kuhifadhi picha za zamani, na kijana mmoja mwenye miwani akasema kwa wepesi kabisa, kama anayetaja bei ya unga, kwamba rangi ya filamu haitaki joto wala kufungiwa. Inataka baridi, ukavu, giza na nafasi ya kupumua. Nilitoka nje nikasimama kando ya gari. Hata siku hiyo sikufungua sanduku. Mtu anaweza kuwa mwoga kwa muda mrefu sana bila kuchoka.

Simu ya kijana wa Mbeke ndiyo iliyonichosha. Nilifungua sanduku siku ile ile. Kitabu kilikuwa na vumbi, na ndani yake, kwenye wimbo niliokuwa nikiuimba gundi ikishika, vipande vinne vilikuwa vimeacha alama ya hudhurungi kwenye karatasi. Sikuviinua kwenye mwanga. Nilisema haki ya kutazama kwanza si yangu. Nikavaa koti, nikateremka Nairobi na kitabu kifuani.

Mbeke anakaa mtaa wa Pipeline siku hizi, orofa ya sita. Waombolezaji walikuwa wamejaa sebuleni na kijana wake akanipitisha hadi chumba cha nyuma alikoketi mama yake kando ya cherehani, ile ile, yenye kifuniko cha kitambaa kilichopauka. Amenenepa, nami nimekauka. Tulitazamana kama watu wanaotafuta mtu mwingine. "Pole kwa baba," nikasema. Akasema ahsante. Halafu kwa kuwa sikujua njia ya kuzunguka, nikamwambia yote nikiwa nimesimama: picha nne, Pasaka, maneno niliyoyasikia nyuma ya pazia, kijani cha ndani cha Agosti. Alinisikiliza hadi mwisho akinyoosha kifuniko cha cherehani kwa kiganja.

"Baba walimtoa mtoto wa jicho baadaye, unajua," akasema. "Akaona vizuri kabisa. Kitu cha kwanza aliomba ni ile filamu. Nikamwambia iliungua." Akaikunja ncha ya kile kifuniko. "Miaka yote hiyo nimekaa naye nikimwambia iliungua. Kwa hiyo kukuelewa, Nyambu, nilikuelewa mapema. Hasira ndiyo ilikataa kutoka." Nikamwambia simkatazi hasira, ni haki yake. "Najua ni haki yangu," akasema. "Kaa chini basi."

Nikakaa, nikamkabidhi kitabu. Alikifungua pale palipojifungua chenyewe. Madirisha ya Pipeline yanatazamana na ukuta, mwanga unapita juu tu, kwa hiyo tukatoka kwenye roshani, tukapenya katikati ya nguo za majirani zilizoanikwa, hadi mahali ambapo kipande cha mbingu kilionekana. Macho yake hayafiki mbali na yangu hayafiki karibu. Nikavua miwani yangu ya kusomea nikaishika mbele ya filamu kama kioo cha kukuzia, yeye akainua kipande kwa ncha za vidole vya mshonaji. Alitazama muda mrefu. Alirudi ndani, akachomoa kifuniko cha cherehani, akaja nacho, akakiweka kando ya kile kipande kidogo. Hapo ndipo nilipokitambua kitambaa cha gauni lile la arusi. Kilikuwa kimepauka kwa jua la miaka, na filamu nayo imepauka kwa miaka yake, lakini nilivyoona mimi, na niliona kwa macho yaliyojaa machozi, vilikuwa vimepauka hadi mahali pamoja.

"Avokado," akasema Mbeke.

"Uso haupo," nikamwambia, maana sikutaka uongo mwingine hata mdogo. "Hapo amegeuka. Nilizokata ni hizo tu."

"Uso niliuona siku ile. Nilichokosa ni hiki." Akafuta kipande kwa pindo la kanga, polepole, akakiinua tena. Halafu akamwita kijana wake kwa sauti iliyofika hadi sebuleni kwa waombolezaji. "Njoo," akasema. "Njoo umwone susu yako, mama yangu. Alivaa kijani."